Filimu ya Viatu Vyeupe na Mjane wa Naviundu

Laurentine Kunda alichukia filimu za majambazi, na filimu za majambazi ndizo zilizomlisha. Watu wa Naviundu, mtaa wake wa Lubumbashi, walilijua hilo, na kila Jumapili walipofika mlangoni pake walimtania. "Mama Laurentine, leo batakufa bangapi?" Naye, bila kuinua macho kwenye kikapu chake cha karanga, aliwajibu, "Ingia, utahesabu. Na pangusa miguu, hapa haiko kwa baba yako."

Ukumbi wake ulikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, mabati juu, turubai jeusi madirishani, na mabenchi yaliyotengenezwa na seremala ambaye bila shaka alikuwa amelewa, maana hakuna hata moja lililosimama sawa. Mbele kulikuwa na televisheni kubwa, nyuma ya nyumba jenereta ilinguruma, na pembeni palikuwa na meza ya Guelord na mikrofoni yake.

Guelord ndiye aliyekuwa mfasiri. Filimu zilikuja kwa lugha ambazo hata yeye hakuzijua, ila alijua Kifaransa kidogo na uongo mwingi, na kwa mchanganyiko huo alizifanya zote zizungumze Kiswahili cha Lubumbashi. Wazungu wenye makoti walikula bukari, ugali wa huko. Wachina walioruka juu ya mapaa waliapa kwa Bikira Maria. Na wahusika wote aliwapa majina ya watu wa mtaani: polisi mwenye tumbo akaitwa chef Mwenze, na chef Mwenze mwenyewe, mkubwa wa mtaa, akiwa amekaa benchi la mbele, alicheka kuliko wote. Mtu asiyetajwa kwa miezi miwili alianza kununa.

Katika ukumbi ule dunia ilikuwa na watu wa aina mbili tu, acteur, yaani shujaa, na bandit, jambazi. Acteur hafi. Bandit anakufa mwishoni, na watu wanapiga mabenchi kwa furaha. Tena hakuna aliyetazama kimya. Watu walimpigia acteur kelele ageuke nyuma, walimwonyesha bandit njia ya kukimbilia, na walilumbana na televisheni mpaka sauti zikawakauka. Laurentine aliwaacha. Mtu aliyepiga kelele vizuri alirudi Jumapili iliyofuata.

Yeye mwenyewe alikuwa binti wa mtu wa reli. Baba yake alishuka kutoka kaskazini ya Katanga na familia nzima na picha moja ya Moyo Mtakatifu, akawalea watoto wake kwa misa na fimbo. Laurentine aliimba kwaya, akauza fretin, dagaa wakavu, sokoni, akaolewa na Pierre Lombe, fundi wa redio, mwanamume mpole aliyekuwa na ndoto moja tu maishani: kuwa na ukumbi wa filimu. Ndoto hiyo ndiyo iliyomuua.

Siku zile Pierre alikuwa amenunua mashine ya kurusha picha ukutani, na furaha haikumkaa kifuani. Aliwaambia majirani, aliwaambia wateja, nadhani aliwaambia hata mbwa. Laurentine akaogopa. Yeye ndiye aliyesema waifunge kwa plastiki na kuifukia ndani ya pipa la unga, pale jikoni. Pierre alicheka akasema sawa.

Walikuja watatu, jioni, umeme ukiwa umekatika na bukari ikiwa jikoni. Vitambaa usoni, panga moja, nondo moja. "Mashine iko wapi?" Pierre akanyamaza. Walimlaza mkono mezani wakauvunja vidole kwa nondo, akanyamaza. Wakampiga nondo magotini. Mmoja alimshika Laurentine nywele akambana ukutani, na Laurentine akafungua kinywa kusema, chukueni, iko pale, chukueni mwende, lakini sauti haikutoka. Ilikwama kooni. Alichosikia ni nondo ikishuka juu ya mifupa, mlio mkavu, kisha mlio wa maji.

Ndipo yule wa panga akasema, kwa sauti ya mkwaruzo yenye kicheko kilichokatika katikati: "Muangalie mu unga! Bamama ba huku banafichaka bintu mu unga!" Akatumbukiza mkono wake mwenyewe pipani, akapapasa, akautoa ukiwa mweupe mpaka juu ya kiwiko, na mashine imo mkononi. Walikuwa wamepata. Walikuwa wanaondoka. Mlangoni yule mwenye mkono mweupe akarudi, akaishika nondo ya mwenzake, akampiga Pierre mara moja tena, kichwani. Kwa nini, Laurentine hajui mpaka leo. Pierre alikata roho sakafuni huku bukari ikiungua jikoni.

Aliwaambia polisi habari ya mashine. Habari ya unga hakumwambia mtu, hata padri. Mawazo ya kuificha yalikuwa yake. Ingekuwa juu ya meza, wangeibeba, na Pierre angebaki na huzuni tu, ambayo ingemtoka baada ya wiki mbili. Alilia, akazika, akavua nguo za matanga, akachukua televisheni kubwa ambayo Pierre alikuwa ameitengeneza akafungua ukumbi. Watu walisema ana moyo. Hakuwa na moyo wowote, alikuwa na kiburi tu.

Basi ikaja ile filimu. Guelord aliileta kwenye flashi, akisema ni ndefu na ngumu, "lakini iko na damu mingi, mama, batu batapenda." Laurentine alikuwa na desturi ya kuonja kila filimu peke yake asubuhi, ili watoto wa watu wasionyeshwe uchafu. Ile aliionja mara mbili.

Ilimhusu mtu mmoja wa viatu vyeupe, mtoto wa mshona viatu, katika mji wa bandari ambao mvua yake haikatiki. Filimu yenyewe haikwenda moja kwa moja kama filimu zenye adabu. Sasa mtu ni mzee mwenye mvi, mara ni mtoto analia chini ya meza, mara ni kijana ana kisu. Alinunulia maziwa watoto wa maskini, na mchana huohuo akamkata mtu sikio. Aliingia nyumbani kwa mshona nguo mzee, akitafuta mkoba, akamuua mbele ya mke wake, kitambaa usoni. Kisha miaka ikapita, na mtu huyohuyo, bila kujulikana, akaanza kumtunza yule mjane. Alimletea kuni. Alimpeleka hospitali mgongoni. Mjane akamwita mwanangu. Halafu mjane akaja kujua yeye ni nani. Na usiku ambao maadui walimtafuta, akiwa amelala palepale kwa mjane kama mtoto, mjane aliamka, akavaa shali yake, akaenda akawafungulia mlango.

Mara ya kwanza Laurentine alipiga makofi peke yake ndani ya ukumbi mtupu. "Fungua, mama! Fungua!" Lakini mtu yule alipoanguka sakafuni jikoni, viatu vyeupe vikawa vyekundu, machozi yalimtoka Laurentine, na hasira zikamshika kwa sababu ya machozi. "Unamulilia nani, weye mujinga?" alijiuliza kwa sauti. Mara ya pili alitazama kwa makusudi ya kutolia, akalia mapema zaidi. Alitaka yule mtu afe, na alipokufa alitaka afufuke. Hakuelewa, na kitu ambacho Laurentine hakukielewa alikichukia. Hata hivyo aliipanga Jumapili, kwani damu ilikuwa nyingi na watu wangependa.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaliana mapajani. Benchi la tatu alikaa Edouard Katongo, fundi wa pompe za maji, aliyehamia Naviundu kutoka upande wa Kipushi mwaka uleule wa filimu hii pamoja na mke wake Syntiche. Laurentine alimpenda. Katongo alikuwa mtu wa kimya: akifika mlangoni alivua kofia, akainamisha kichwa, akanunua karanga, akakaa. Hakupiga kelele hata siku moja. Pompe ya Laurentine ilipoharibika, aliitengeneza akakataa hata chai. Laurentine alikuwa amesema mbele za watu kwamba angekuwa na binti angemwozesha mtu kama yule.

Filimu ikaanza, na vurugu ikaanza nayo. Watu hawakujua wamshangilie nani. Yule wa viatu vyeupe akigawa maziwa walipiga makofi, akikata sikio wakamzomea, na kabla hawajamaliza kumzomea akawa mtoto mdogo analia. Chef Mwenze alisimama mbele ya televisheni, akaifunika nusu kwa tumbo.

"Guelord! Acteur njo nani?"

"Acteur njo ule wa biatu byeupe, chef."

"Na bandit?"

"Njo yee tena."

Ukumbi ulipasuka. "Bongo, uongo mutupu! Muntu mumoja hawezi kuwa bote babili! Umekosea, rudisha nyuma!" Guelord aliapa kwa mama yake. Mtu alimrushia ganda la karanga. Laurentine, mlangoni, alicheka na wengine, ingawa alijua sehemu inayofuata.

Sehemu iliyofuata ilikuwa ya mshona nguo. Wanaume wakavunja mlango. Mzee akapigwa. Mkoba hauonekani. Na ukumbi mzima, kama kawaida yake, ukaanza kuwasaidia majambazi kutafuta. "Chini ya kitanda!" "Mu plafond, juu kule!" "Mu mashine ya kushona, bajinga nyie!" Damu ya mzee iliruka ikachafua kioo cha dirisha, watu wakapiga mabenchi, joto likapanda, kila mtu akawa amesimama nusu. Na Edouard Katongo, mtu wa kimya, filimu ilikuwa imempanda kichwani kama pombe. Alisimama kutoka benchi la tatu akanyoosha mkono.

"Muangalie mu unga! Bamama ba huku banafichaka bintu mu unga!"

Na kicheko. Kicheko kilichokatika katikati.

Kikapu kilimtoka Laurentine mapajani, karanga zikamwagika. Aliisikia ile sauti kwa ngozi ya kichwa, palepale alipokuwa ameshikwa nywele. Hakuwa na shaka hata chembe. Watu wawili walikuwa wamekuwa mmoja mbele ya macho yake: aliyevua kofia na aliyejifunga kitambaa, aliyetengeneza pompe na aliyerudi kutoka mlangoni kuongeza pigo. Wakati huo Katongo alikuwa ameshakaa, anatafuna, uso wake mpole kama siku zote.

Chuki ilimpanda kutoka miguuni. Niseme wazi, haikuwa huzuni, ilikuwa chuki yenye njaa. Na alijua ana silaha gani. Katika mtaa ule neno moja lilitosha. Angesema "Mwizi," akanyoosha kidole, na watu hawa ambao sasa hivi walikuwa wanacheka wangemmaliza mtu yule kabla filimu haijaisha. Alishayaona. Majuma machache nyuma kijana wa watu alichomwa karibu na daraja kwa ajili ya simu ambayo baadaye ilionekana chini ya mto wa kulalia wa mwenye simu.

Akapita katikati ya magoti ya watu mpaka kwenye meza ya Guelord. Katika televisheni mjane alikuwa amepiga magoti juu ya mume wake, anamtazama muuaji, anafungua kinywa. Laurentine alimpokonya Guelord mikrofoni.

"Weye," alisema, na sauti ambayo siku ile ilikwama kooni sasa ikajaa ukumbi. "Weye mwenye ulijifunga kitambaa. Ulishapata kintu chenye ulitafuta. Ulishafika ku mulango. Juu ya nini ulirudi kumupiga tena?"

Watu walifurahi. Sauti ya mwanamke, kumbe mama Laurentine naye anaweza! Wakapiga miluzi.

"Bukari yangu ilikuwa jikoni. Iliungua. Mpaka leo nikipika, nasikia ile harufu. Ulimuvunja vidole, hakukutukana. Na sasa unakuja kwangu, unavua kofia, unaniita mama. Umekaa humu. Unakula karanga yangu."

"Woooo!" ukumbi uliitika. Na kwa kuwa ndivyo walivyozoeshwa na Guelord, kwamba kila mhusika lazima apewe jina la mtu wa mtaani, wakaanza kudai haki yao. "Mutaje! Jina! Jina! Njo nani?" Walipiga mabenchi kwa mpigo mmoja. "Ji-na! Ji-na!"

Laurentine alimtazama Katongo. Katongo alikuwa ameacha kutafuna. Karanga zilikuwa zinamdondoka mkononi mojamoja, na uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya jivu la mkaa. Alikuwa anamtazama Laurentine kama mtu anayetazama nondo ikiinuliwa. Naye anajua, Laurentine aliwaza, sasa anajua ilivyo kuwa pale chini na kungoja pigo. Ulimi ulimwasha. Neno lilikuwa pale, limeiva. Akafungua kinywa, na jina lililotoka halikuwa lile.

"Bwana yangu," alisema, "aliitwa Pierre Lombe."

Kelele zilikatika. Hakuna mtu wa Naviundu asiyelijua lile jina. Nusu yao walikuwa wamebeba jeneza. Ikasikika bunduki ya filimu peke yake, na mvua ya ule mji. Polepole watu wakaelewa kwamba yaliyosemwa hayakuwa ya mjane wa kwenye televisheni. *Umekaa humu.* Vichwa vikaanza kugeuka, kila mtu akimtazama jirani yake.

Kama Katongo angekaa kimya, pengine yangepita. Lakini alisimama. Alikanyaga miguu ya watu, akamwangusha mama mmoja, akakimbilia mlango.

"Juu ya nini anakimbia?" aliuliza mtu.

"Mwizi!" alijibu mwingine. Na hilo lilitosha.

Walimkamata nje, hatua chache kutoka kwenye jenereta. Wa kwanza kumpiga alimpiga kwa ubao wa benchi, na ubao ukakatika. Wakamwangusha. Mawe, viatu, mikanda. Mkono wake wa kushoto mtu aliukanyaga kwa miguu miwili, akarukaruka juu yake mpaka ukapinda pasipopindika. Taya likasogea upande. Damu ilichanganyika na vumbi ikawa tope jekundu, na watoto walikuwa wanasukumana kutafuta nafasi ya kuona. Chef Mwenze, mkubwa wa mtaa, mtu wa serikali, alikuwa mstari wa mbele na shati limemtoka kwenye suruali. "Lete mupira!" alipiga kelele. "Lete esanse!" Mupira wa gari ukaja ukiviringishwa. Ukavishwa shingoni. Chupa ya petroli ikapita mkono kwa mkono juu ya vichwa.

Laurentine alifika nje akiwa bado na mikrofoni mkononi, waya umekatika. Alitaka kuona. Alikuwa na haki ya kuona, na kwa muda aliona, na niseme ukweli, palikuwa na utamu. Kisha mtu aliyekuwa na kipande cha nondo akashusha. Mlio mkavu. Akashusha tena, na ukaja ule mlio wa maji.

Ulikuwa uleule. Haukujali mfupa ni wa Pierre au wa nani. Laurentine aliusikia ukiingia masikioni mwake mara ya pili, akajua kwamba utabaki humo, miwili sasa, kila akikoroga bukari, na kwamba safari hii sauti anayo. Hakumhurumia mtu yule. Alijihurumia mwenyewe.

"Haiko yee!" alipiga kelele. Alijitupa katikati, akasukuma, akapigwa kiwiko jichoni, akaangukia juu ya mtu aliyelala. Esanse ilimlowesha mgongo. "Muache! Haiko yee! Mwenye aliua Pierre alishakufa! Polisi walinionyesha maiti, niliiona na macho yangu!"

"Na juu ya nini ulisema eko humu?"

"Ilikuwa filme! Nilikuwa nasema filme! Roho iliniuma, nikatia Pierre mu filme. Muntu asikimbie, na nyinyi vile muko?"

Mikono iliyoinuliwa ilibaki juu. Kisha ikaanza kushuka, mmoja mmoja, na watu wakaanza kutazama vidole vyao. Yule mwenye kiberiti alikirudisha mfukoni kana kwamba alikuwa amekitoa kwa ajili ya sigara. Chef Mwenze akachomeka shati. Syntiche, mke wa Katongo, alikuja mbio kutoka sokoni na kanga yake imefunguka, akamkuta mume wake chini na Laurentine juu yake, akamshika Laurentine miguu akimshukuru.

Sasa mtaa ulihitaji mtu wa kulaumiwa, na hakuna mtaa unaojilaumu wenyewe. Waliovunja mkono walikuwa wamedanganywa. Aliyeleta mupira alikuwa amedanganywa. Mwenye makosa alikuwa mwanamke mmoja aliyechezea mikrofoni. Siku tatu nzima Laurentine alitembea Naviundu akisikia nyuma yake, "Ule njo karibu aliuisha muntu ya bure." Yeye, mwenye ulimi ule, hakumjibu mtu. Angejibu nini? Kwa maneno yale machache alikuwa ameuzika ushahidi wake. Hata akienda kesho kwa polisi akaapa juu ya msalaba, wangemwambia, mama, si ulisema amekufa?

Chef Mwenze alikuja kwake na wazee wawili wa parokia, amevaa koti. Alikaa, akakohoa. "Mama Laurentine, iko vile tunafanyaka siku zote. Ulikosea muntu mbele ya batu, utaomba pardon mbele ya batu. Utapika bukari na kuku, weye mwenyewe. Utamunawisha mikono. Akikula, inaisha."

"Na nyinyi mwenye mulimupiga, mutapika nini?"

Chef alifunga vifungo vya koti, akaaga.

Laurentine alipika. Alichinja kuku wake, akachemsha maji, akafungua pipa la unga. Lilikuwa pipa lilelile. Hakuwahi kulitupa, na hakuwahi kueleza kwa nini. Alichota, akakoroga mpaka mabega yakamuuma, akafunika sahani kwa kitambaa safi.

Kwa Katongo watu walijaa mpaka uani. Yeye alikuwa ameketi kwenye godoro, jicho moja limefungwa, taya limefungwa bandeji, mkono wa kushoto umo kwenye plasta na vidole tu vimechomoza. Hakumtazama Laurentine alipoingia. Laurentine akapiga magoti, kama inavyotakiwa. Alisema maneno yanayotakiwa, kwa sauti ya kusikika. "Papa Katongo, nilikukosea mbele ya batu. Naomba pardon."

Katongo alitikisa kichwa. "Hapana, mama," alisema, na maneno yakamtoka kwa shida kupitia meno. "Usiniombe pardon. Weye, usiniombe." Akaanza kulia, mtu mzima, makamasi juu ya bandeji.

Watu waliguswa. "Ona roho yenye eko nayo," walinong'onezana. "Mama Laurentine uko na chance, ulikosea muntu muzuri." Syntiche alipiga makofi ya shukrani taratibu.

Laurentine alivuta beseni, akainua jagi. Katongo akanyoosha mkono wa kulia, ule mzima. Maji yalianza kushuka juu ya vidole, juu ya kiganja. Aliujua mkono ule. Sura yake siku ile hakuiona, ila mkono aliuona ukitoka pipani. Aliinama kana kwamba anatazama beseni, na akauliza kwa sauti ndogo, ya watu wawili.

"Unga ilifika wapi?"

Mkono ulisimama chini ya maji. Katongo alimtazama, kwa mara ya kwanza, kwa jicho lake moja. Angeweza kunyamaza, na Laurentine asingekuwa na la kufanya. Polepole aliuinua mkono wa plasta, maumivu yakamkunja uso, na kwa ncha za vidole vilivyochomoza akagusa mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko. Hapo.

Ndipo hasa ulipofika.

"Pole, papa," alisema chef Mwenze kutoka nyuma. "Minaona pale njo panakuuma zaidi."

Laurentine alimwaga maji yaliyobaki. Hakuwa amemsamehe, wala hakumsamehe baadaye, na mtu asije akawaambia vingine. Alimsogezea sahani, akafunua kitambaa, akakaa pale sakafuni kumtazama. Katongo alimega tonge, akalitia kinywani upande usiouma, akalimeza kwa shida, akamega jingine. Hakuna aliyemhimiza. Aliila yote, mpaka sahani ikawa nyeupe, kisha Laurentine akaichukua sahani yake akarudi nyumbani.